Oveni ya gesi haiwaki: kiberiti, fundi au jiko jipya?

Wiki moja ya mwezi wa nane, oveni mbili ziligoma kwa pamoja huku Ipagala, Dodoma, katika nyumba mbili zinazopakana ukuta. Ya kwanza ilikuwa yangu, siku moja kabla ya keki ya kipaimara kuchukuliwa na wenyewe. Ya pili ilikuwa ya jirani, ambaye ndiye niliyemkimbilia na bakuli la mchanganyiko mkononi. "Mwanangu, na hii yangu leo siku ya tatu haiwaki," akaniambia, hata shikamoo yangu haijaisha.

Sote wawili tulikuwa tunatumia neno moja, haiwaki, na hapo ndipo pesa za watu zinapopotelea. Yangu ilikuwa inashika moto vizuri, nikitoa mkono inazima. Ya jirani ilikuwa haishiki kabisa, hata uipelekee kiberiti. Hayo ni magonjwa mawili yasiyo na undugu. Dawa ya moja haisaidii nyingine, lakini nusu ya watu ninaowajua wakipata lolote kati ya hayo huanzia mahali pamoja: wananunua regulata mpya, kile kifaa cha kichwani mwa mtungi kinachopunguza presha ya gesi. Mimi mwenyewe nilishaifikiria.

Kabla sijaendelea, kuna hali moja ambayo haiingii kwenye ulinganisho huu. Ukiingia jikoni ukakuta harufu ya gesi na hujagusa nobu yoyote, habari ya oveni iache kwanza. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama sakafuni na chini ya makabati. Funga mtungi, fungua milango, usiwashe wala usizime taa, toka nje na watoto. Ikizidi, Zimamoto ni 114.

Kiberiti kwanza

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni njiti ya kiberiti, au bora zaidi kijiti cha mishikaki, maana kinakupa umbali. Fungua mlango wa oveni wazi kabisa. Washa kijiti, kipeleke kwenye lile tundu la kwenye bati la chini, ndipo ubonyeze nobu na kuizungusha. Moto utangulie, gesi ifuate. Ukigeuza mpangilio, gesi itakuwa imeshajaa humo ndani, na nyusi zako zitakuwa za kuchora kwa miezi miwili. Ikipita kama sekunde 15 haijashika, funga, acha mlango wazi angalau dakika moja, ndipo ujaribu tena.

Majibu yatakuwa matatu. La kwanza: imewaka na imekaa. Hapo gesi ni nzima, usalama wake ni mzima, kilichokufa ni cheche tu. Sitapoteza maneno mengi hapa. Angalia kama jiko limechomekwa ukutani na umeme upo, au kama linatumia betri, badilisha betri. Plagi za cheche za juu zikilia na ya oveni peke yake imenyamaza, tatizo ni waya wake au ile kaure nyeupe imepasuka na cheche inarukia pengine. Zikinyamaza zote, ni umeme, swichi au kile kiboksi cha cheche. Nimeishi na oveni ya kiberiti miaka minne na keki zilitoka vilevile. Na majiko mengi madogo ya plate nne tunayouziwa hayana cheche ya oveni tangu kiwandani, kwa hiyo usimlipe mtu kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo.

Majibu mawili yaliyobaki, inayoshika kisha inazima na isiyoshika kabisa, ndiyo yenye kazi.

Niseme na hili, maana nilipoteza jioni nzima. Ukitafuta video mtandaoni, nyingi ni za Marekani, na wanakuonyesha kijiti kinachong'aa chekundu kama pasi ya mkaa, wanakiondoa, wanaweka kipya, oveni inawaka. Oveni zao nyingi zinawashwa na hicho kijiti cha umeme, na kikichoka kinang'aa lakini hakivuti umeme wa kutosha kuifungua vali, yaani mlango wa gesi. Majiko tunayouziwa hapa kwa kawaida hayana kitu hicho. Nilikitafuta kwenye oveni yangu kwa tochi mpaka shingo ikauma.

Inayoshika kisha inazima

Hii ilikuwa yangu. Pembeni ya bana, yaani lile bomba lenye matundu linalotoa moto chini ya bati, kumesimama kijiti cha chuma kama ncha ya penseli. Kinaitwa themokapo. Ndani yake kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa, na ncha ikipata moto inazalisha umeme kidogo sana, kati ya milivolti 20 na 30. Betri moja ya rimoti ina angalau mara 50 ya hapo. Umeme huo mdogo unapita kwenye waya mwembamba wa shaba hadi nyuma ya nobu, unaipa nguvu sumaku ndogo, na sumaku ndiyo inayoishikilia vali ya gesi isifunge. Kidole chako kinaifungua vali, sumaku inaishikilia. Moto ukizimika kwa upepo au kwa maji kumwagika, ncha inapoa, sumaku inaachia, gesi inakatika yenyewe.

Ndiyo maana lazima ubonyeze nobu na kuhesabu hadi kumi, au kumi na tano, kabla ya kuachia. Oveni kadhaa nilizoitwa kuziangalia na marafiki zilikuwa nzima. Aliyekuwa na haraka ni mwenye kidole. Mtu aliyezoea jiko la plate mbili la mezani, ambapo unazungusha na kuondoka, hawezi kujua hilo asipoambiwa.

Ukishikilia hadi sekunde 30 na bado inazima, fuata mpangilio huu usiruke. Tazama kwanza moto unaigusa ncha au unapita pembeni. Kisha uchafu: masizi na mafuta juu ya ncha ni blanketi. Kisha nati ya ule waya nyuma ya nobu, ambayo ikilegea kidogo tu milivolti zote zinapotea; hiyo mwachie fundi. Mwisho kabisa ndiyo ufikirie kununua.

Fundi alipofika alitoa bati la chini, akanipa simu yake nimshikie tochi. "Dada, angalia hapa." Moto ulikuwa wa bluu, mzuri, lakini ndimi zake zilikuwa zinapita upana wa kidole mbali na ncha ya themokapo. Nikakumbuka. Wiki mbili nyuma pai ilifurika, nikasugua chini kwa waya wa chuma kwa hasira zote, na nikakikunja kile kijiti bila kujua. Akakirudisha taratibu kwa vidole, akakipitishia msasa laini mara tatu nne, akawasha, akahesabu, akaachia. Moto ukakaa. Keki ya kipaimara ikaiva usiku huo.

Siku ya tatu ukazima katikati ya kuoka, mkate ukabaki unga kati.

Aliporudi safari hii alikuja na mita ya kupimia umeme. Akafungua waya kwenye vali, akaniambia nishike nobu huku moto unawaka, akapima: milivolti 6. Themokapo ilikuwa imechoka, na kuisogeza karibu na moto kuliifanya ijikongoje siku mbili zaidi. Kwa hiyo nikilinganisha fundi mwenye mita na asiye na mita, nitamlipa zaidi mwenye mita bila kubishana, kwa sababu kipimo cha dakika mbili kingeniokolea mkate na nauli ya pili.

Themokapo yenyewe ni kipuri cha bei ndogo ukilinganisha na vali. Shida ni kwamba zinatofautiana urefu wa waya, uzi wa nati na umbo la ncha, kwa hiyo nenda dukani na ya zamani mkononi, usiende na maelezo. Wakati wa kufunga, nati inakazwa kwa vidole, kisha spana robo mzunguko tu. Ukiikaza kama nati ya gurudumu unaiua mpya siku ileile. Na mpya ikikataa kushikilia huku mita inaonyesha milivolti za kutosha, hapo ndipo ugonjwa umehamia kwenye sumaku ya vali, na bei inapanda.

Kuna njia ya mkato utakayopewa, nami niliwahi kupewa na fundi mwingine: "Tunaifunga hii sefti, hutashikilia tena." Anachofanya ni kuiacha vali wazi moja kwa moja. Oveni itawaka, utafurahi. Kisha siku moja ya mwezi wa saba au wa nane, ule upepo wetu utaingia dirishani na kuuzima moto, na gesi itaendelea kumwagika sakafuni ukiwa sebuleni. Nilimlipa nauli yake nikamwambia asiguse.

Isiyoshika kabisa

Sasa ya jirani. Swali la kwanza hapa ni plate za juu zinawaka? Zisipowaka, usiifungue oveni. Shida iko kwenye mtungi, regulata au mpira. Mara nyingi ni jiko limesukumwa ukutani baada ya kudeki, mpira ukajikunja nyuma kama shingo ya kuku. Za juu zikiwaka vizuri, gesi inafia ndani ya jiko, kati ya nobu ya oveni na bana.

Kisha tumia sikio. Zima redio, bonyeza na zungusha nobu ya oveni kwa sekunde mbili tu, sikiliza. Ukisikia "sss" ya kawaida, gesi inatoka ila inapotelea njiani. Ukikuta kimya, nozeli, yaani kile kitundu cha shaba kinachopulizia gesi kwenye bana, imeziba au vali haifunguki. Ukiona moto wa njano unaochezacheza na kuacha masizi, au ukisikia "puu" kisha moto unawaka nyuma kule mwanzo wa bomba badala ya kwenye matundu, ndani ya bana kuna kitu.

Kwa jirani ilisikika "sss" hafifu, na harufu ilitoka mbele karibu na nobu badala ya ndani. Fundi akafungua skrubu mbili, akaivuta bana, akaigonga sakafuni kwa upole. Kikadondoka kipande cha udongo mkavu mwekundu, ukubwa wa karanga mbili. Nyumba ya nyigu. Kabla ya wiki hiyo oveni haikuwa imewashwa tangu Pasaka, dirisha halina wavu, na mdudu aliona tundu zuri la kupangisha bure. Jirani alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Kumbe nina mpangaji na kodi hanipi!"

Buibui naye anapenda sehemu hiyohiyo, pale nozeli inapoingia kwenye bomba na hewa inapochanganyika na gesi. Utando wake mmoja unatosha kuharibu mchanganyiko. Huku kwetu ongeza vumbi: mvua zikiisha mwezi wa nne, tuna miezi saba au zaidi ya ukavu, na kufika Novemba ukipitisha kitambaa juu ya jiko lililokaa wiki mbili kinatoka na rangi ya barabara. Jirani yangu dawa yake ilikuwa brashi ya chupa, maji ya moto ya sabuni, na kuikausha bana juani hadi jioni. Hakununua kitu.

Nozeli iliyoziba ina sharti moja: usiingize sindano. Ni shaba nyeupe, laini, na tundu lake limepimwa kwa sehemu za mia za milimita. Namba 75 iliyochapwa pembeni maana yake ni milimita 0.75. Ukilipanua kidogo tu umepata moto wa njano, masizi kwenye keki, na matumizi ya gesi yasiyoeleweka. Loweka kwenye maji ya moto ya sabuni, puliza, na kama lazima upitishe kitu, tumia unywele wa brashi au uzi wa mshipi.

Namba hiyohiyo inaeleza kwa nini baadhi ya majiko ya mitumba yanayotoka nje yanasumbua kwa mtungi. Yalitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, ambayo inahitaji tundu kubwa zaidi. Dar es Salaam zipo nyumba zenye gesi asilia ya bomba. Sisi Dodoma jikoni ni mtungi. Jiko la namna hiyo haliponi kwa kusafishwa, linahitaji kubadilishiwa nozeli zote.

Mtungi au regulata?

Wengi wanazichanganya hizi mbili, na kuzitenganisha ni dakika moja. Washa plate moja ya juu kwa moto mkubwa. Kisha washa ya pili na ya tatu. Ile ya kwanza ikinywea sana, gesi haiji ya kutosha. Sasa pima mtungi kwenye mizani ya nyumbani: uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye kola yake, toa, utajua umebaki na kilo ngapi. Ukiwa na kilo za kutosha na plate bado zinanywea, mtuhumiwa ni regulata. Mtungi ukiwa mwepesi, mtuhumiwa hayupo, umemaliza gesi. Na siku ya kununua mwingine, omba upimwe kwenye mizani palepale dukani. Ni haki yako.

Mtungi unaokaribia kuisha una ujanja wake: plate za juu zinawaka, oveni inawaka moto mfupi usiofika kwenye themokapo, kisha inazima. Unaapa ni themokapo. Kwa hiyo hata kwenye ugonjwa wa kwanza, pima mtungi kabla ya kufungua skrubu.

Regulata ya oveni ni ile ya presha ndogo, kama milibari 30. Ile ya presha kubwa ya majiko ya mama lishe na ya kukaangia chipsi isiguse jiko lenye oveni, hata kwa kuazima jioni moja.

Mkono wako, fundi, au dukani

Mstari ninaouchora ni huu: vyote unavyovifikia baada ya kutoa bati la chini, yaani bana, matundu yake na ncha ya themokapo, ni vyako, mtungi ukiwa umefungwa na jiko limepoa. Vyote vilivyo nyuma ya paneli ya nobu ni vya fundi, na akimaliza apake povu la sabuni kwenye kila kiungo mbele ya macho yako. Povu likitoa mapovu mapya, kazi haijaisha.

Kumpata fundi huyo ndiyo kazi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na mitungi imeshazagaa hadi Chamwino ndani, lakini wengi tunaowaita "fundi wa gesi" ni mafundi friji wanaojaribu bahati. Si vibaya. Muulize tu kwenye simu kama ana mita ya kupima milivolti. Akikuuliza milivolti ni nini, mshukuru.

Jiko jipya mimi naliweka kwenye mizani pale vali au thermostati (kidhibiti joto) inapokufa na kipuri chake hakijulikani hata Kariakoo. Kikijulikana, kinapanda basi usiku na asubuhi unakipokea stendi ya Nanenane, hakuna haja ya kulitupa jiko zima. Kutu ikishakula bati la chini hadi kutoboka, usitengeneze chochote.

Na kama ni kununua, gesi au umeme? Bana ya oveni ya nyumbani yenye nguvu ya kilowati 2.5 inakula karibu gramu 200 kwa saa ikiwa moto mkubwa muda wote, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 ni takriban saa 30, na wa kilo 15 ni saa 75. Oveni ya umeme ya wati 2,000 haizidi uniti 2 kwa saa, na kwa kawaida ni chini ya hapo kwa sababu inajizima na kujiwasha. Umeme unaipa sehemu ya juu rangi ya kahawia na kuikausha vizuri, biskuti zinatoka sare. Gesi ina joto kali chini na unyevu zaidi, mkate unapanda vizuri, ila keki lazima uizungushe katikati ya kuoka. Umeme ukikatika, wa gesi anaendelea kuoka. Ukiwa na jiko la mchanganyiko lenye oveni ya umeme yenye saa, ujue kwamba umeme ukirudi saa inaweza kubaki inapepesa sifuri na oveni isiwake mpaka uiseti. Rafiki yangu anayekaa Kisasa, hapahapa Dodoma, alimlipa mtu kwa kubonyeza vitufe viwili. Mimi kwa oda za keki kubwa nimebaki na gesi. Anayeoka mara moja kwa mwezi ningempeleka kwenye umeme, kwa sababu nyigu hapangi humo.

Ukienda dukani kwa ajili ya la gesi, usiridhike na kioo cha mlango. Mwambie muuzaji alifunge kwenye mtungi aiwashe oveni palepale, ahesabu hadi kumi na tano, aachie. Iache iwake dakika tano. Kisha azime kwa nobu, nawe usogeze sikio karibu na paneli. Baada ya muda mfupi, ncha ikipoa, utasikia "tak" moja ndogo kule nyuma. Hiyo ni sumaku imeachia. Usipoisikia, mwambie akuonyeshe jingine.